Kisanduku cha Dole Gumba

Jumatatu, 2 Septemba

Fomu ya saba imekwisha. Asubuhi nzima nimekuwa nikivipa vitufe majina, maana simu ya Yusufu humsomea kwa sauti kila kilichopo kwenye ukurasa, na Ijumaa ilikuwa inasema "kitufe, kitufe, kitufe", basi. Leo inasema "Endelea", "Rudi", "Pakua". Amesikiliza mpaka mwisho akasema haijambo. Kwa Yusufu hiyo ni sifa kubwa.

Niandike tunafanya nini, maana daftari hili ni jipya na lile la zamani limeliwa na mchwa. Chama chetu cha watu wenye ulemavu kina chumba kimoja hapa Tabora mjini, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Yusufu ni mwenyekiti, haoni tangu utotoni. Mimi Konsolata ni kila kitu kilichobaki. Nilikuwa mchapaji wa mahakama miaka ishirini na sita. Natembea kwa magongo mawili, polio. Nilipostaafu niliapa sitagusa tena karatasi ya sheria. Kiapo kilidumu miezi mitatu. Sasa natengeneza fomu za sheria kwenye tovuti ya chama: hati za kiapo, hati za uwakilishi, maombi ya mahakamani. Mtu wa Lusu au Urambo anajaza kwa simu, anachapisha kwenye duka lolote lenye printa, anapeleka panapohusika. Hahangaiki kutafuta mtu wa kumwandikia.

Fomu ya saba ndiyo naipenda. Inaanza na swali moja: Je, mhusika anaweza kusaini au kuweka dole gumba? Ukijibu Ndiyo, inakupeleka kwenye hati ya uwakilishi, ile ya mtu kumruhusu mwenzake amfuatilie jambo lake. Ukijibu Hapana, inakupeleka moja kwa moja kwenye maombi ya kuteuliwa msimamizi, maana asiyeweza hata dole huyo hajitambui. Swali moja, njia mbili. Nimewafupishia watu safari.

Nimefurahi leo. Nimekula wali maharage sahani nzima na kuongeza.

Alhamisi, 5 Septemba

Mtu wa kwanza wa fomu ya saba! Tovuti hainionyeshi jina, inanionyesha kata na njia aliyopita. Ipole. Msimamizi. Dakika kumi na moja tangu kuifungua mpaka kuipakua. Enzi zangu ombi la namna hiyo lilichukua siku mbili, na lilirudishwa kwa ajili ya nukta tu.

Nimemtangazia Yusufu. Amesema dakika kumi na moja ni chache mno kumkabidhi mtu mzima kwa mtu mwingine, hata mbuzi mnadani huzungukwa asubuhi nzima. Nimekasirika. Mzaramo huyu, babu yake aliletwa Tabora na reli, reli ikasahau kumrudisha. Mimi humwambia hivyo kila siku, naye huniita mpagazi, maana babu zangu walibeba mizigo ya misafara. Wapagazi nyie, anasema, mmezoea kujitwisha mizigo bila kuuliza imo nini. Ni utani wetu wa kawaida. Ila leo sikucheka.

Jumapili, 8 Septemba

Misa ya kwanza. Joto. Bega la kulia linauma, mpira wa gongo umelika. Miti ya mitundu nje ya mji imeanza kutoa majani mekundu. Nimelala mchana kutwa. Hakuna la kuandika.

Jumatano, 11 Septemba

Nimefuta neno "asiyejiweza" kwenye fomu zote. Limo mara nyingi kuliko nilivyodhani, na mwandishi ni mimi mwenyewe. Vidole vimelizoea tangu mahakamani, vinaliandika bila kuniuliza. Mimi ninayepanda ngazi kwa magongo nikiwa na kompyuta mgongoni, naandika asiyejiweza.

Yusufu kasema nitafute pia "mzigo kwa familia". Nimetafuta. Limo mara moja.

Jumanne, 17 Septemba

Simu saa tatu asubuhi. Namba yetu iko chini ya kila fomu. Mwanamume, jina lake Shija, anauza asali kando ya barabara kuu pale Ipole. Sauti inamtetemeka.

Maelezo yake haya. Ana mjomba wake, Mzee Mhoja, mfuga nyuki. Mzee aliugua ukoma ujanani, akapona, vidole havikurudi. Miguu nayo si mizuri. Kila msimu anahitaji kibali cha kuingia na mizinga yake kwenye hifadhi ya msitu, na ofisi iko mbali. Shija akataka karatasi ya kumruhusu afuatilie kibali kwa niaba ya mjomba. Akaiona fomu yetu kwenye simu. Akajaza, akachapisha, akapeleka ilikoandikwa ipelekwe: mahakamani.

Juzi samansi imefika kijijini. Mtendaji aliisoma kwenye kikao cha wafuga nyuki, watu wote wakisikia, mzee mwenyewe ameketi mbele. Ilisema Mzee Mhoja ni mtu asiye na uwezo wa kuamua mambo yake, na Shija anaomba kuwa msimamizi wake na wa mali yake yote. Mzee aliinuka akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo chakula anachopelekewa kutoka kwa Shija kinarudi kimefunikwa vilevile, hakijaguswa. Shija kalelewa na mzee huyo tangu alipoachishwa ziwa. Shauri linasikilizwa tarehe tatu Oktoba.

"Mama, mimi niliomba karatasi ya kibali tu," amesema. Mara tatu amesema hivyo.

Nimemjibu pengine alijibu swali vibaya. Nimemwambia fomu haina kosa, asome kwa makini siku nyingine. Nimesema kwa ile sauti yangu ya mahakamani. Nikakata.

Jumatano, 18 Septemba

Nimeifungua fomu ya saba nikajifanya mimi ni Shija. Mjomba hana vidole. Swali la kwanza: anaweza kusaini au kuweka dole gumba? Mtu mkweli atajibu nini? Hapana. Ukurasa ukaruka. Kuanzia hapo kila kitu kimeandikwa tayari: hawezi kuamua, hawezi kusimamia mali, anahitaji kusimamiwa. Shija hakuandika hata neno moja la hayo. Niliandika mimi. Yeye alijaza majina na tarehe.

Kuna jingine baya zaidi. Nimepita kurasa zote nne nikitafuta mahali mzee mwenyewe anapoulizwa chochote. Hakuna. Jina lake limo mara sita na sauti yake haimo hata mara moja.

Ni mimi. Si Shija, si mtendaji. Ni mimi.

Yusufu ameuliza mbona niko kimya. Nimesema bega.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimeirekebisha fomu kimyakimya. Swali la dole gumba nimelitoa mwanzoni nikaliweka mwishoni. Nimeifanya kazi hiyo kama mtu anayefagia vigae kabla mwenye chungu hajarudi.

Yusufu ameshtukia saa ileile. Simu yake imemsomea ukurasa mpya, akauliza kimebadilika nini. Nikasema marekebisho ya kawaida. Amegeuza uso kuelekea nilipo akanyamaza. Yusufu akinyamaza ni vibaya.

Shija amepiga mara mbili. Sikupokea. Nimeiacha simu ikilia juu ya meza hadi ikachoka.

Nikijitetea: Shija anaweza kuondoa ombi lake mwenyewe, shauri likaisha. Kweli anaweza. Lakini miaka ishirini na sita nimeona karatasi ikishaingia kwenye jalada inavyotembea yenyewe. Nimeona hakimu anamtazama mtu kwa macho tu, viungo vyake, nguo zake, anaamuru apewe msimamizi kabla hajafungua kinywa. Nami nikachapa amri. Nilichapa vizuri, bila kosa hata moja. Mzee Mhoja akipata siku mbaya, tarehe tatu anatoka mle ndani hana mamlaka juu ya mzinga wake hata mmoja.

Jumapili, 22 Septemba

Sikwenda misa.

Nimekumbuka siku baba aliponipeleka kuandikishwa shule. Mwalimu mkuu alimuuliza baba, je, mtoto anaweza kushika kalamu? Mimi nimesimama hapohapo, kalamu nimeishika. Baba akajibu, "Anajaribu jaribu." Nilikuwa nimeshajua kuandika jina langu lote na la mama. Hakuna aliyeniuliza. Nilimchukia yule mwalimu miaka mingi, na nilipokuwa mkubwa nilijiambia mimi sitakuwa hivyo.

Nimekuwa hivyo. Tena kwa mtandao, nchi nzima.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimemwambia Yusufu yote. Kuhusu swali, kuhusu Shija, kuhusu nilivyomrushia lawama kwenye simu na nilivyoiacha ikilia.

Nilitegemea kejeli. Kumbe alikuwa anajikagua. Akasema fomu ile aliijaribu yeye, mara nne, na kila mara alijibu Ndiyo, kwa sababu yeye ana vidole gumba viwili vizima. Njia ya Hapana hakuipita hata siku moja. "Tumetengeneza fomu za walemavu, mimi wa macho, wewe wa miguu," akasema, "na wote tuna vidole." Hilo ndilo kosa letu. Tulidhani kwa kuwa ni sisi, basi tunawajua wote.

Halafu akaongeza, "Haya mpagazi. Leo umejua mzigo una nini. Ubebe mpaka Ipole."

Nimempigia Shija. Nimemwomba radhi. Ameshukuru, na shukrani yake imenichoma kuliko kama angenitukana.

Jumatano, 25 Septemba

Nimerudi. Mikono inauma, ila niandike kabla sijasahau.

Basi la Mbeya, nikashuka Ipole saa nne. Shija alikuwa kando ya barabara, meza yake imepangwa chupa za asali, nyeusi na nyekundu. Ana umri wa miaka thelathini na kitu, mrefu, amekonda uso. Alinisindikiza mpaka mti wa mwisho kabla ya nyumba ya mjomba, akasimama. Hakuvuka pale. Nikaenda peke yangu.

Mzee Mhoja alikuwa anasuka kamba ya magome, ncha moja ameibana kwa vidole vya mguu vilivyobaki, nyingine anaizungusha baina ya viganja. Nikamwamkia, shikamoo. Marahaba, mayu, akaniita mama kwa lugha ya kwetu, akanivutia kigoda. Hakuuliza natoka wapi mpaka nilipokunywa maji.

Nikamwambia. Sikupamba. Nimesema mimi ndiye niliyeandika yale maneno yaliyosomwa kwenye kikao, Shija hakuyaandika, alikuta yamo. Nimesema nilikosea na naomba radhi.

Aliendelea kusuka. Mwishowe akauliza, bila ukali wowote, "Uliniona wapi, mayu, mpaka ukajua siwezi?"

Nikasema sikukuona popote, mzee. Akaitikia kwa kichwa. Nilitaka kulia, nikajizuia, maana ningelia yeye ndiye angelazimika kunibembeleza.

Akaeleza kilichomuuma. Mahakama haimtishi. Kilichomuuma ni kukaa mbele ya wenzake waliorina naye asali tangu ujanani, wakasikia kwamba hajitambui, na hakuna aliyecheka. Watani wake walikuwepo na hawakumtania. Akajua wameamini.

Nikasema basi Shija aondoe ombi, yaishe. Akakataa. "Nimesomwa mbele ya watu. Nijibu mbele ya watu." Na kuhusu Shija akasema hivi: "Kosa la karatasi nimeshalipokea kwa mwenye karatasi. Lakini Shija alikwenda kuniandikia jambo langu hakuniambia. Hilo ni lake, aje alilete mwenyewe."

Tukaanza majibu yake kwa mahakama. Nikafungua fomu ya majibu kwenye simu, ni fomu yetu ya tatu, nzuri kabisa. Alisema, nikaandika maneno yake. Tukafika mwisho. Kisanduku: Weka saini au dole gumba. Nikabofya Endelea. Ikakataa. Nikabofya tena. Maandishi mekundu: Sehemu hii ni lazima. Mzee akauliza inasema nini. Nikamsomea. Akatazama mikono yake, akanitazama mimi, akacheka sana. Mimi sikuweza. Kwenye fomu ya saba nilihamisha swali la dole gumba, kwenye nyingine sita kisanduku sikukigusa.

Akaniinua tukaenda nyuma ya nyumba. Mizinga imelazwa huko, ya magome, mingine mipya inasubiri kupandishwa mitini. Kila mmoja una alama imekatwa ubavuni na kwenye mfuniko: mistari mitatu na mwezi mchanga juu yake. Mistari miwili ni ya baba yake, wa tatu kauongeza yeye. Akasema mzinga wenye alama hiyo hata ukiangushwa na upepo huko ndani, siku mbili kutoka barabarani, atakayeukuta anajua ni wa nani na hataugusa. Misitu yote hii wanaisoma. Anaikata kwa kisu kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono kwa mkanda wa ngozi.

Hapo ndipo nilipoona giza na mwanga kwa pamoja. Alama! Nimechapa mara ngapi mahakamani, chini ya viapo vya wazee: "Alama yake", na mashahidi wawili pembeni? Sheria inaijua alama. Hakimu anaijua. Mimi naijua kuliko wote. Nilipokuja kwenye kompyuta nikaisahau, kwa kuwa kisanduku cha dole gumba kilikuwa rahisi kutengeneza.

Tukaacha simu. Nikaandika majibu kwa mkono, mtindo wa zamani, kwenye karatasi zenye mistari. Mzee akaniambia nimfunge kalamu kwenye ule mkanda wa kisu. Akachora. Mistari mitatu, mwezi juu. Haikutetemeka. Majirani wawili wakashuhudia.

Nilipoondoka Shija alikuwa bado yuko kwenye ule mti. Nikampa ujumbe wa mjomba wake. Akaweka chini chupa ya asali aliyokuwa nayo, akavuka.

Sijui walisema nini. Basi lilikuja.

Ijumaa, 27 Septemba

Majibu yamefika kwa karani wa mahakama, yamegongwa muhuri.

Siku mbili tunazifumua fomu zote saba. Kisanduku sasa kinasema: Saini, dole gumba, au alama yako. Mtu anaweza kupiga picha ya alama yake akaipakia, na chini kuna nafasi ya mashahidi wawili. Yusufu safari hii amepita kila njia, za Ndiyo na za Hapana, mpaka simu yake ikaisha chaji.

Na mwanzoni kabisa, kabla ya jina, nimeweka ukurasa mpya. Unauliza: Umemuuliza mwenyewe? Amesema nini? Andika maneno yake. Ukiacha wazi haukuvushi. Na kama mtu hawezi kabisa kusema wala kuonyesha, kuna mahali pa kueleza ulijaribuje kumuuliza, mara ngapi, nani alikuwepo. Yusufu kasema watu watalalamika kwamba fomu imekuwa ndefu. Nimesema walalamike.

Jumatatu, 30 Septemba

Usingizi umekuwa wa vipande vipande. Naogopa Alhamisi. Najua kile chumba. Najua hakimu anavyotupa jicho kwanza.

Nimenunua mipira mipya ya magongo.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mzee Mhoja aliingia mahakamani na mfuniko wa mzinga wenye alama yake kifuani, ameukumbatia kwa mikono miwili. Karani alitaka auache nje. Mzee akasema hiyo ni saini yake. Karani akampisha.

Shija alikaa nyuma yake, si kando. Watu wa Ipole walijaza mabenchi mawili. Watani wake walikuwemo, hakuna aliyekuwa akicheka.

Shauri likaitwa. Hakimu ni mgeni kwangu, wa makamo, mpole. Alifungua jalada, akamtazama mzee, akatazama mikono yake, kisha akamgeukia Shija. Kwa upole kabisa akamuuliza, "Mzee anaendeleaje? Anaelewa yuko wapi?"

Ni swali lilelile. La mwalimu mkuu, na la fomu yangu.

Shija akasimama. "Mheshimiwa, yuko hapa. Muulize mwenyewe."

Hakimu akainamisha kichwa kidogo. Akageuka, akasema, "Nisamehe, mzee. Unaelewa uko wapi?"

Mzee akasema yuko mbele ya mahakama, amekuja kujibu maneno yaliyosomwa juu yake, na kwamba safari ya kuja imemharibia siku ya kukagua mizinga, kwa hiyo akiruhusiwa ataanza kujibu sasa hivi. Benchi la nyuma likacheka. Mtani wake mmoja akacheka kupita kiasi mpaka akaonywa. Nikaona mabega ya mzee yanashuka, yametulia. Nadhani alikuwa anakisubiri hicho kicheko kuliko hukumu.

Alijibu kila kitu. Mizinga mingapi, iko wapi, nani anarithi, kwa nini. Hakimu akaitisha karatasi ya majibu, akaiweka kando ya ule mfuniko. Mistari mitatu, mwezi mchanga. Akapitisha kidole juu ya mti, kisha juu ya karatasi. Akaandika.

Nami niliomba nafasi nikaeleza kosa langu. Nilisimama kwa magongo, mipira mipya haikuteleza. Nimesema maneno ya ombi niliyaweka mimi kwenye fomu, mwombaji aliyakuta. Hakimu aliuliza kama fomu bado iko hivyo. Nikasema hapana. Akasema vizuri, kaa chini mama.

Shija akaondoa ombi. Hakimu akaandika kwenye jalada kwamba Mzee Mhoja ni mtu mwenye uwezo kamili wa kuamua mambo yake, na alama yake itambuliwe. Akaisoma kwa sauti. Mzee akaomba isomwe tena, na hakimu akaisoma tena.

Nje waliondoka wawili, mzee mbele, Shija amebeba mfuniko. Nimelia kwenye basi. Sikujificha.

Jumapili, 6 Oktoba

Misa ya kwanza. Nimekaa benchi la mbele. Bega nafuu.

Jumanne, 15 Oktoba

Mvua ya kwanza asubuhi, fupi, imelaza vumbi tu. Yusufu amechelewa, kalowa, anailaumu Tabora.

Saa nne tovuti imeonyesha fomu ya saba kutoka Ipole. Njia: hati ya uwakilishi. Muda: saa moja na dakika arobaini. Baadaye kidogo Shija akanitumia picha ya karatasi kwenye simu, akisema mjomba ameagiza niione.

Mzee Mhoja anamruhusu mpwa wake Shija kufuatilia kibali cha msitu. Kibali tu, mwaka huu tu. Chini kabisa alama yake, mistari mitatu na mwezi juu, na mashahidi wawili, mmoja ni yule mtani aliyeonywa mahakamani.

Kwenye ule ukurasa wa mwanzo, pale panapoulizwa mwenyewe amesema nini, Shija ameandika maneno yake kama yalivyotoka. Nimemsomea Yusufu kwa sauti:

"Mizinga nakagua mwenyewe. Asali ikiiva nitamletea yule mama wa magongo. Asifuatwe na mtu kuulizwa atakuja kuichukua lini. Nitakuja mwenyewe."

Yusufu akaomba nisome tena, nikasoma tena.

Nimechapisha nakala moja nikaiweka kwenye faili. Kisha nimeosha vikombe.